Pampu ya chujio la maji, Usa River: shajara ya miezi miwili na nusu

Jumamosi, 17 Mei 2025

Nimeanza daftari hili kwa sababu nimechoka kubishana kwa maneno. Chini ya sinki letu kuna chujio la RO, linalosafisha maji kwa kuyasukuma kupitia utando mwembamba, tulilofungiwa mwezi wa pili, na tangu siku hiyo tangi lake halijawahi kujaa. Ukifungua koki yake unapata glasi moja, ya pili inatoka kama machozi, kisha basi. Aliyetuuzia ameshakuja mara mbili. Mara ya kwanza alisema tuliache lizoee. Mara ya pili akasema membreni, ule utando uliokunjwa ndani ya bomba jeupe, umekufa na tununue mwingine. Membreni ya miezi mitatu!

Tunaishi Usa River, upande wa kuelekea Maji ya Chai. Anayeijua wilaya hii ya Arumeru, Arusha, ameshaelewa tatizo letu ni nini. Maji ya kisima chetu yamepita kwenye miamba ya volkano ya Mlima Meru na yamebeba floraidi. Kwa macho ni meupe, mdomoni ni matamu, hayana harufu yoyote. Lakini mtoto aliyekulia huku unamtambua kwa meno hata ukikutana naye Mwanza. Mwanangu mkubwa ana miaka 11, ana mistari ya kahawia kwenye meno ya mbele, na akicheka huweka kiganja mdomoni. Mdogo ana miaka 3. Meno yake ya ukubwani yanajengwa sasa hivi ndani ya ufizi, na floraidi huyaharibu huko huko, kabla hayajaota. Hatari hiyo hupungua mtoto akifika kama miaka 8. Nina miaka mitano ya kumkinga, na chujio linatoa glasi moja.

Mama mkwe anasema tuchemshe tu, mbona wao walichemsha. Nimemweleza taratibu: moto unaua vijidudu, floraidi haiendi na mvuke. Maji yanapungua sufuriani, yenyewe inabaki pale pale, kwa hiyo kilichobaki kina floraidi nyingi zaidi kuliko mwanzo.

Mwezi uliopita nilipeleka chupa mbili maabara. Kisima: miligramu 4.8 kwa lita. Maji ya chujio: 1.7. Ukomo wa Shirika la Afya Duniani ni 1.5, ingawa Tanzania kwa miaka mingi ilivumilia hadi 4 kwa maji ya vijijini, maana vyanzo vingi vya kanda hii visingefaulu. Kwa hiyo tumenunua mashine, na bado mtoto anakunywa maji yaliyozidi ukomo.

Jumapili, 18 Mei

Nafundisha fizikia, kidato cha kwanza na cha pili. Kila mwaka nachora ubaoni debe lenye matundu matatu, la chini linarusha maji kwa nguvu kuliko ya juu, wanafunzi wanaandika kwamba presha ya maji hutegemea kina. Leo baada ya ibada nimefanya jaribio hilo nyumbani.

Nilikuwa nimenunua geji ndogo ya presha inayoishia psi 100 (psi ni kipimo cha presha). Nimeifunga kwenye mpira unaoingia kwenye chujio. Sindano ilinyanyuka kidogo, ikasimama kwenye 7. Nikachukua futi kamba, nikapima kutoka usawa wa maji kwenye simtanki juu ya mnara hadi chini ya sinki: mita 5. Mita moja ya maji inatoa psi 1.42, mara tano ni 7.1. Geji iko sawa.

Kisha nikatafuta karatasi iliyokuja na membreni. Imeandikwa galoni 75 kwa siku, yaani lita 284, kwa presha ya psi 50 na maji ya nyuzi 25. Hamsini! Sisi tuna saba.

Na hata hizo saba si zetu zote. Maji yenye chumvi yana nguvu ya asili ya kuyavuta maji safi yarudi upande wa chumvi, na lazima uishinde hiyo kwanza ndipo tone la kwanza lipite. Kwa hesabu ya haraka ni psi 1 kwa kila miligramu 100 za chumvi kwenye lita. Kalamu ya TDS, kipimo cha chumvi zilizoyeyuka kwenye maji, inasoma 430 kwenye maji ya kisima, kwa hiyo psi 4 na zaidi zinaishia hapo. Zinabaki kama 3 za kufanya kazi ambayo mtengenezaji aliipangia zaidi ya 45.

Nikaweka kikombe cha robo lita kwenye mpira wa maji safi, na ndoo kwenye mpira wa maji ya kutupa, yanayoondoka na chumvi iliyokataliwa na membreni. Kikombe kilijaa kwa dakika 25. Ndani ya saa moja ndoo ilikuwa na lita 6. Lita 6 zimemwagika ili tupate kama nusu lita na kidogo, usiku na mchana, na hayo ni maji tunayoyapandisha mnarani kwa umeme.

Kalamu kwenye maji safi: 118. Membreni nzima ingetakiwa kutoa chini ya 30.

Jumanne, 20 Mei

Hapa nataka kuandika kwa kirefu, kwa sababu ndipo nilipokuwa nimekosea mwenyewe. Nilidhani presha ndogo inaleta maji machache tu, kwamba tukiwa wavumilivu tutapata maji mazuri polepole. Sivyo. Floraidi na chumvi nyingine hupenya membreni kidogo kidogo kwa mwendo wake uleule, presha iwe kubwa au ndogo. Kinachoongezeka presha ikipanda ni maji. Ni kama kijiko kimoja cha sukari: kwenye chupa nzima ya chai huisikii, kwenye kikombe cha kahawa inakolea. Presha yetu ilikuwa inatupa kikombe cha kahawa.

Kwa hiyo zile 118 za kalamu na ile 1.7 ya maabara hazithibitishi kwamba membreni imekufa. Inawezekana kabisa ni nzima na inaonewa. Nimemwambia mume wangu kwenye simu kwamba sinunui membreni mpaka niione ikifanya kazi kwa presha yake. Amekubali, ila ameuliza itagharimu kiasi gani. Sijamjibu.

Ijumaa, 23 Mei

Nimezipitia njia zote.

Kuinua mnara: ili nipate psi 50 tanki likae mita 35 juu. Hilo ni jengo la ghorofa zaidi ya kumi.

Pampu ndogo za kuongeza nguvu ya bafu, zile za duara za wati mia hivi: zinaongeza psi 12, pengine 15. Haitoshi.

Pampu ya nyumba nzima, nusu hosi pawa na tangi lake la presha: hiyo ingetupa psi 30 hadi 40, na bafu lingefurahi. Fundi wetu wa bomba anaipenda. Lakini itawaka kila mtu anaponawa mikono, na mabomba ya nyumba hii ni ya zamani, yamezoea presha ya mnara. Sitaki kuamka usiku nikute ukuta umelowa.

Mkaa wa mifupa: hii niliifikiria kwa uzito. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto, hapa hapa jirani, kimeshughulika na njia hiyo kwa miaka mingi, haihitaji umeme wala presha, na inaokoa familia ambazo haziwezi kununua RO. Ningekuwa naanza leo bila kitu, ningeanzia hapo. Shida yake ni kwamba mkaa huchoka na floraidi haina ladha ya kukuambia umechoka. Unahitaji vipimo vya mara kwa mara. Na sisi mashine tumeshailipia.

Kwa hiyo pampu ndogo ya diaframu, inayokaa chini ya sinki na kusukuma maji ya chujio peke yake. Umeme wake ni volti 24.

Jumamosi, 31 Mei

Nimepanda hiasi mapema kwenda mjini Arusha. Duka la tatu ndiyo walikuwa nazo, zimepangwa kwa galoni kwa siku: 50, 75, 100, 300, 400. Kijana wa duka akanishauri nichukue ya 400. "Mwalimu, kubwa ndiyo ina nguvu." Alijuaje mimi ni mwalimu sijui, labda kwa maswali.

Ukubwa wa pampu hizi ni wingi wa maji, na lazima uoane na membreni. Membreni yangu kwa kasi yake kamili itatoa maji safi kama mililita 200 hivi kwa dakika, na kabomba kembamba kanakobana maji ya kutupa kameandikwa mililita 300 kwa dakika. Jumla ni kama nusu lita kwa dakika. Pampu ya 75 ingekuwa inabanana, ya 100 inatosha na nafasi kidogo. Ya 400 ingebamiza maji kwenye membreni ndogo na kabomba kadogo, presha ipande kupita kiasi. Nimechukua ya 100.

Adapta nilirudisha moja. Ilikuwa ya ampea 1.2, wakati pampu yenyewe imeandikwa 1.1, na nilijua kuna uwezekano nitaongeza kitu kingine baadaye. Nimechukua ya ampea 2.

Swichi mbili za presha: moja ya upande wa kuingilia, inayozima pampu maji yakikatika ili isizunguke kavu, nyingine ya upande wa tangi, inayozima tangi likijaa, imeandikwa psi 40. Na fitingi, na mita tatu za mpira. Vyote shilingi 168,000. Membreni mpya ingekuwa pungufu ya hapo, nakiri, na ningebaki na psi 7.

Jumapili, 8 Juni

Fundi alifika saa nane. Tulianza na mabishano, ya heshima lakini marefu, kuhusu pampu ikae wapi. Yeye alitaka ikae mwanzo kabisa, kabla ya vichujio vitatu vya awali, kwa kuwa pampu inasukuma vizuri kuliko inavyovuta. Ni kweli. Lakini kisima chetu kinatoa udongo laini, na ndani ya pampu kuna vivalvu vya mpira ambavyo punje moja ya mchanga inatosha kuviacha wazi. Pia vile vikopo vya plastiki vya vichujio vingekuwa vinabeba psi 60 na kitu kila siku, na vyetu ni vya bei rahisi. Nikasema ikae baada ya vichujio, kabla ya membreni. Akasema, "Sawa Mwalimu, nyumba yako." Akaniangalia nikikata mpira kwa mkasi, akaninyang'anya.

Alichonionyesha hapo ni cha thamani. Mpira unakatwa kwa wembe mpya, kwa mkato mmoja, mdomo uwe sawa kama sarafu. Mkasi unaubana ukawa yai, na yai halizibi. Unausukuma kwenye fitingi mpaka ukwame, halafu unasukuma tena. Kuna hatua ya pili, unaisikia kwa vidole zaidi ya masikio. Kisha unauvuta nyuma. Usipotoka, umeshika. Fitingi kumi na moja tulizofunga leo, hakuna iliyovuja. Za aliyetufungia mwanzo zilikuwa zinavuja mbili.

Adapta tumeitundika juu, karibu na ubao wa sinki, na waya unashuka kisha unapanda kabla ya kuingia, ili maji yakimwagika yadondoke chini na yasifuate waya.

Jambo lingine alilogundua fundi: tangi dogo la chujio lina mpira ndani na hewa nyuma yake, na chini kuna valvu kama ya baiskeli. Hewa ilitakiwa kuwa psi 7. Tulikuta 2. Aliyelifunga alikuwa ameitoa ili tangi likubali maji ya presha ile ndogo. Tumelimwaga lote, tukajaza hewa kwa pampu ya baiskeli ya mwanangu, naye ndiye aliyepampu, akihesabu kwa sauti.

Saa kumi na mbili kasoro tumewasha. Ilikoroma ikimeza hewa, ikanguruma, kisha sauti ikashuka ikawa mvumo mmoja wa chini kama jokofu. Sindano ya geji ya pili, niliyoiweka baada ya pampu, ilipanda bila kusita: 20, 40, 55, ikatulia kwenye 64. Nilishika mlango wa kabati nikatazama tu.

Lita moja: dakika 5 na sekunde 5. Tuliyamwaga maji ya nusu saa ya kwanza, kisha nikachovya kalamu. 24.

Membreni ile ile.

Jumatatu, 9 Juni

Saa tatu usiku, pampu inashtukashtuka. Inawaka sekunde mbili, inazima, inawaka, tak, tak, tak, kama mtu anagonga mlango kwa kucha. Nimechomoa soketi.

Alhamisi, 12 Juni

Chanzo tumekipata kwa geji. Mchana mnara umejaa, hakuna anayeoga, psi 7 zinafika. Usiku simtanki limeshuka zaidi ya mita, bafu liko wazi, na pampu inavuta kupitia vichujio vitatu. Pale tulipoiweka swichi ya kuingilia, baada ya vichujio, presha ilikuwa inaanguka hadi 2 pampu ikianza tu. Swichi inadhani maji yamekatika, inazima. Pampu ikizima maji yanatulia, presha inarudi, swichi inawasha. Hivyo hivyo hadi asubuhi, na hakuna pampu itakayovumilia hayo kwa mwezi.

Tumeihamisha swichi mwanzo, mara tu baada ya koki ya kuingilia, ambapo presha haishuki chini ya 5. Mpira wa robo inchi kutoka bomba la ukutani tumeubadilisha kwa mnene zaidi. Na kichujio cha kwanza, cha udongo, nimekifungua: nyuzi nyeupe za nje zimekuwa rangi ya kakao, na nilipokikata kwa kisu udongo ulikuwa umeingia karibu hadi katikati. Miezi minne tu. Nimeweka kipya.

Kuna nilichopoteza kwa mabadiliko haya. Swichi ikikaa mwanzo haijui vichujio vikiziba. Pampu inaweza kuvuta kwa shida bila mtu kujua. Kwa hiyo kila tarehe mosi nitasoma geji mwenyewe pampu ikiwa inafanya kazi, na kichujio cha udongo nitabadilisha kila miezi mitatu bila kusubiri.

Usiku huu imenguruma moja kwa moja, bafu likiwa wazi.

Jumamosi, 14 Juni

Leo haizimi kabisa. Tangi limejaa, koki imefungwa, pampu inaendelea, na mwili wake ni wa moto kiasi cha kutoshikika.

Fundi alidhani swichi ya tangi ni mbovu. Nikaiunganisha pembeni na kuipuliza kwa pampu ya baiskeli. Kwenye 40 ikakata vizuri. Tatizo ni kwamba chujio lilikuja na valvu yake ya kujifunga, ya enzi za kutumia presha ya bomba. Hiyo hufunga njia presha ya tangi inapokaribia theluthi mbili ya presha inayoingia. Theluthi mbili ya 64 ni 42 na zaidi, kwa hiyo kwenye karatasi swichi ya 40 ingewahi. Yetu ilifunga tangi likiwa 37. Ikishafunga, tangi halipandi tena, 40 haifiki milele, na pampu inasukuma maji dhidi ya mlango uliofungwa.

Valvu mbili zinazofanya kazi moja, na moja inamnyima mwenzake nafasi. Ile ya zamani itoke.

Jumamosi, 21 Juni

Imetoka. Mahali pake tumeweka valvu ya umeme ya volti 24, kwenye mpira unaoingia, iliyounganishwa waya mmoja na pampu: pampu ikiwaka inafunguka, pampu ikizima inafunga. Bila hiyo, pampu ikiwa imezima, psi 7 za mnara zingeendelea kupenya polepole hadi kwenye mpira wa kutupa siku nzima. Hapa ndipo nilipoishukuru ile adapta ya ampea 2.

Nimekaa mbele ya kabati na saa. Tangi tupu, pampu imewaka saa 4:10. Imezima yenyewe saa 4:49. Nimekinga maji yote ya tangi kwenye ndoo yenye alama: lita 7 na nusu. Maji ya kutupa: sifuri baada ya kuzima. Nimekaa dakika kumi zaidi kuhakikisha mpira ni mkavu.

Tunahitaji kama lita 22 kwa siku. Wengine wanachuja ya kunywa tu, lakini uji wa mtoto ni maji, chai ni maji, na wali unayanywa yote yaliyomo sufuriani. Yote yanatoka hapa sasa. Hiyo ni saa mbili hivi za pampu kila siku, na kwa wati 27 uniti moja ya LUKU inatupeleka zaidi ya wiki mbili. Magadi pia nimeacha kutia kwenye makande, kwa sababu yana floraidi yake. Maharage yanalowekwa usiku kucha yakalainika, na kwa kweli nayapenda zaidi.

Ijumaa, 27 Juni

Majibu ya maabara yametoka. Kisima: 4.8, haijabadilika. Chujio: 0.3.

Nimeisoma ile karatasi nikiwa nimesimama kwenye ngazi, nikairudia. Mume wangu nimemtumia picha yake bila maneno. Amejibu, "Ile 168,000 imesamehewa."

Jumapili, 13 Julai

Baridi ya Julai imekuja kweli. Maji ya simtanki asubuhi yalikuwa nyuzi 16, na lita moja imechukua dakika 5 na sekunde 35. Membreni hupoteza kama asilimia 3 kwa kila nyuzi inayoshuka, kwa hiyo sishangai.

Kilichonishtua leo ni kingine. Maji ya kutupa tunayakinga kwenye pipa nje, ya kupigia deki na chooni. Asubuhi nimemkuta mama mkwe akiyamimina kwenye hori la ng'ombe. "Maji masafi haya, mwanangu, mnayamwaga ya nini?" Nikamwomba asimame, nikachukua kalamu na karatasi. Chujio linagawa floraidi, haliiui. Kila dakika inaingia nusu lita ya maji yenye 4.8, inatoka glasi ndogo ya maji karibu matupu, na floraidi yote iliyobaki inakwenda kwenye zile mililita 300 za kutupa. Hesabu inakuja karibu miligramu 8 kwa lita. Ng'ombe naye ana meno na mifupa, na floraidi humwumiza kama inavyotuumiza sisi. Kalamu ya TDS pipani ilisoma zaidi ya 690.

Mama alikaa kimya, kisha akalimwaga hori, akalisuuza mwenyewe. Jioni amelifunga pipa kitambaa chekundu shingoni, na amemwambia mdogo kwa Kimeru, kisha akarudia kwa Kiswahili nami nisikie, kwamba la kitambaa chekundu halinywewi.

Ijumaa, 1 Agosti

Geji, pampu ikiwa kazini: 6 mwanzo, 4 baada ya vichujio, 65 baada ya pampu. Kalamu: 432 inaingia, 23 inatoka. Kikombe cha kwanza cha asubuhi kilisoma 61, kwa sababu usiku, pampu ikiwa imezima, chumvi hupenya membreni polepole kutafuta usawa, nakimwagia maua.

Jirani amekuja na chupa ya maji ya chujio lake, lile lile letu, kutoka duka lile lile, la mwezi wa tano. Wamemwambia membreni imekufa. Kalamu imesoma 131. Mnara wake ni mfupi kuliko wetu. Nimemwambia asilipe kitu, kesho nikitoka sokoni Tengeru napitia kwake na geji.